Binamu wa Texas anataka nimtumie laki mbili tununue bunduki

Salamu Afande,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Lang'ata. Nina shamba upande wa Rumuruti ambako mdogo wangu anatuchungia mbuzi na kondoo. Bastola ninayo, ina cheti halali, na Jumamosi nyingi utanipata Kirigiti nikipiga shabaha na wenzangu. Nakuambia haya usije ukadhani naandika kwa sababu nimeona bunduki kwenye filamu nikaitamani.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi nje kidogo ya San Antonio, Texas, na ana kibali cha ukaazi wa kudumu. Desemba nitamtembelea kwa wiki tatu, viza yangu ni ya matembezi tu. Huko nguruwe mwitu wamewazidi wakulima, na yeye huwawinda usiku katika shamba la rafiki yake. Anasema hata leseni haitakiwi, ni ruhusa ya mwenye shamba basi. Sasa ana wazo. Nimtumie dola 1,500, karibu laki mbili za hapa, anunue bunduki moja nzuri ya nusu-otomatiki. Iandikwe jina lake na ikae kwake, lakini itakuwa yangu. Nikishaizoea tutatafuta njia ya kuileta Kenya, maana fisi wanatumaliza. Tangu mvua za masika tumepoteza mbuzi tisa.

Shida ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Binamu anataka AR-10 ya .308. Mwenzangu wa klabu ananiambia nisipoteze pesa, nichukue AR-15 ya 5.56 kwa kuwa ni nyepesi na risasi zake ni rahisi kupata. Yule muuza duka wa Texas naye amemwambia binamu kwamba siku hizi watu wa nguruwe wanachukua .300 Blackout, hasa wanaowinda usiku. Jirani yangu ni mwanajeshi mstaafu, aliishi na bunduki ya G3 maisha yake yote ya kazi. Anacheka kabisa nikitaja 5.56, anasema hiyo ni ya kuwindia ndege.

Mke wangu hataki kusikia habari hii. Aliona ujumbe wa mkopo wa Sacco kwenye simu yangu na tangu hapo nyumba imenuna. Anasema bastola moja inamtosha kwa hofu. Nimemweleza kwamba silaha yetu iko salama. Sefu imefungwa kwa boliti ndani ya kabati la chumbani, ina namba, na hakuna anayeijua namba hiyo ila mimi na kijana wetu mkubwa wa kidato cha pili, ambaye mara mojamoja mimi humtuma anitolee hati za shamba. Bado hajaridhika.

Nisaidie, Afande. Kati ya hizi kaliba tatu nichukue ipi? Na mke wangu nimwambie nini?

Mpiga Shabaha, Lang'ata


Ndugu yangu Mpiga Shabaha,

Kaliba nitakujibu, tena kwa kirefu, kwa sababu ni jambo ninalolipenda. Lakini tuanze na zile laki mbili, maana hizo ndizo zinazoweza kumfunga mtoto wa shangazi yako.

Usitume. Marekani, mtu akinunua bunduki kwenye duka lenye leseni hujaza fomu ya serikali ya shirikisho, nambari 4473, na humo anaulizwa kama yeye mwenyewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hiyo. Akijibu ndiyo, ilhali pesa ni zako na bunduki ni yako, amedanganya kwa maandishi. Usidhani ni kosa la kuonywa tu. Kuna mtu wa Virginia aliyeitwa Bruce Abramski, askari polisi wa zamani, aliyemnunulia mjomba wake bastola kwa sababu alitarajia kupunguziwa bei. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400 kabla ya ununuzi. Mjomba huyo hakuwa mhalifu, sheria ingemruhusu kabisa kumiliki bastola. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2014 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hatia ni hatia: aliyejaza fomu hakuwa mnunuzi halisi. Mwaka 2022 Bunge la Marekani likaongeza sheria nyingine inayolenga hasa kununua silaha kwa niaba ya mtu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Abramski alikuwa raia. Binamu yako ni mkaazi tu, na kosa la silaha linaweza kumrudisha uwanja wa Jomo Kenyatta na begi moja. Hundi ya mjomba ilikuwa ushahidi, na ujumbe wako wa kutuma dola 1,500 utakuwa ushahidi vilevile.

Kama anataka bunduki, anunue yake, kwa pesa yake, kwa haja yake. Wewe utaazima ukifika.

Hata hapo pana mtego, na ndio ambao binamu hajauona. Anasema leseni haitakiwi. Kwa sheria ya Texas amesema kweli: tangu Septemba 2019, anayewinda nguruwe mwitu kwenye shamba la mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe hahitaji leseni ya uwindaji. Wamechoshwa na hao wanyama, wako zaidi ya milioni 2 katika jimbo hilo, na tangu 2011 watu wanaruhusiwa kuwapiga hata kutoka kwenye helikopta. Sasa wewe unaingia kwa viza ya matembezi. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni wa namna hiyo kushika bunduki au hata risasi, isipokuwa awe na sababu mojawapo ya zile zilizoorodheshwa. Iliyo rahisi kwako ni kuwa na leseni ya uwindaji iliyotolewa kihalali na jimbo. Kwa hiyo leseni ambayo Texas haikudai kwa ajili ya nguruwe ndiyo itakayokuruhusu kugusa kitako cha bunduki. Ikate mapema, kwa jina lako lilivyo kwenye pasipoti, uwe nayo mfukoni kabla hujashika chochote. Bila hiyo wewe una hatia, na binamu aliyekukabidhi bunduki ana hatia yake.

Haya, kaliba.

Nilikuwa kwenye ghala la silaha miaka mingi kuliko nilivyokuwa doria, na ubishi huu wa kaliba nimeusikia asubuhi, mchana na usiku. Wanaobishana huzungumzia nguvu. Mimi nilizoea kuuliza kwanza: risasi ikishampita uliyemlenga, au ikimkosa, itaishia wapi? Ukilijibu swali hilo kwa mahali utakaposimama, ubishi unapungua nusu.

Jirani yako mstaafu anaisifu .308 kwa kuwa amelelewa na G3, nami simshangai. Risasi ya G3 ni 7.62 kwa 51, ambayo kwa umbo ni karibu sawa na .308 ya madukani. Naijua bunduki hiyo hata kwa maganda yake. Chemba yake, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ina mifereji myembamba, basi kila ganda hutoka limechorwa mistari myeusi kwa urefu, na mara nyingi lina kibonyeo ubavuni pale lilipogonga chuma likirushwa. Askari akirudisha maganda mkononi sikuwa na haja ya kumuuliza alipewa silaha gani. Na linarushwa mbali, anayesimama upande wa kulia bila kujua hulipata usoni likiwa bado na moto. Bunduki yenyewe ikiwa tupu ina kilo 4 na ushee. Ukiifyatua, bega linajua.

Tupige hesabu basi. Risasi ya kawaida ya .308 ina gramu 9.5 hivi na hutoka mtutuni kwa mita 840 kwa sekunde. Ya 5.56 ina gramu 4 au pungufu kidogo, lakini inatoka kwa zaidi ya mita 900 ikiwa mtutu ni mrefu wa kutosha. Kwa nguvu, .308 iko kwenye jouli 3,300, na 5.56 ni 1,700 na kitu. Karibu mara mbili. Hapo jirani ana haki ya kucheka, ila anacheka mapema. Ile 5.56 aliyoiona yeye ni ya kijeshi, yenye koti zima la shaba, iliyotengenezwa kwa shughuli nyingine. Risasi ya kuwindia ya kaliba hiyohiyo, ile ya shaba tupu au iliyounganishwa isivunjike, yenye uzito wa gramu 4 kwenda juu, huingia ndani ikapanuka na kufanya kazi. Kwa nguruwe wa umbali wa mita 100 inatosha, mpigaji akijua anapolenga.

Na hapo pa kulenga ndipo wageni huharibu. Dume la nguruwe mwitu lina ngao mabegani, ngozi nene na gegedu linalolikinga linapopigana na wenzake. Moyo na mapafu yake viko chini sana na mbele, nyuma tu ya mguu wa mbele. Wewe wa Kirigiti umezoea karatasi, utataka kupiga katikati. Katikati ya nguruwe ni tumbo. Atakimbia na jeraha hilo hadi kichakani, afe kesho yake, nanyi mtazunguka na tochi usiku kucha mkitafuta damu. Hakuna kaliba inayomwokoa mpigaji wa namna hiyo, hata .308.

Nguvu hiyo ya .308 nayo ina gharama. Bunduki ni nzito, darubini ya usiku ikiongezwa juu ni nzito zaidi, na risasi zake ni ghali kuliko za 5.56, kwa hiyo mtu hufanya mazoezi machache. Inarudi nyuma kwa nguvu, ingawa bunduki zinazojipakia kwa gesi ya risasi hupunguza kidogo kwa sababu sehemu ya nguvu inatumika kusukuma boliti, kile chuma kinachofunga chemba. Nguruwe hutembea kundi. Ukishapiga mmoja, wengine wanatawanyika, na wakati huo mwenye 5.56 amesharudisha macho kwenye shabaha huku wa .308 darubini yake ingali inaangalia nyota. Kubwa zaidi kwangu ni hili: risasi ya .308 humpita nguruwe mdogo na kuendelea na safari. Ikirushwa juu ya upeo wa macho inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Texas kuna sehemu tambarare mno, usiku ni giza, na nyuma ya kile kichaka kuna ng'ombe wa mtu, lori la mtu, pengine nyumba. Ile 5.56 pia huenda mbali, zaidi ya kilomita 3, kwa hivyo nayo si mchezo. Piga tu pale ambapo nyuma ya mnyama kuna udongo: kilima, ukingo wa bwawa, au wewe uko juu ya jukwaa unalenga kuelekea chini.

Kuhusu .300 Blackout, muuza duka hakudanganya, ila hakumaliza maneno. Ganda lake ni la 5.56 lililofupishwa na kupanuliwa shingo libebe risasi ya 7.62. Zipo za aina mbili. Kuna nyepesi, gramu 7 au 8, inayokwenda kasi kuliko sauti, na kuna nzito ya gramu 12 hadi 14 inayokwenda polepole kuliko sauti, mita 310 hivi kwa sekunde, kwa watu wenye kiziba sauti. Ile nzito haina ule mlipuko wa kuvuka kasi ya sauti hewani, na usiku jambo hilo linapendwa. Lakini inadondoka haraka, na nyingi hazipanuki vizuri zikimfikia mnyama. Ukiiacha ivuke mita 100 unabahatisha. Kwa mtu anayeishi Texas, aliyejifunza silaha yake mwaka mzima, ni chaguo zuri. Kwa mgeni wa wiki tatu ninaikataa, na sababu yangu kubwa si hiyo hata.

Sababu ni magazini. Magazini ya .300 Blackout na ya 5.56 ni ileile. Zinaingia kwenye bunduki ileile. Zile risasi nyepesi zaidi za .300 zinaweza kuingia kwenye chemba ya 5.56, zikasukumwa nyuma ndani ya ganda, na boliti ikafunga juu yake kama hakuna kitu. Ukifyatua, risasi yenye unene wa milimita 7.8 inalazimishwa kupita kwenye tundu la 5.56. Haipiti. Bunduki inapasuka mikononi, sentimita chache kutoka usoni mwako. Imeshawatokea watu. Binamu akiwa na bunduki zote mbili nyumbani, kila magazini ya .300 ifungwe utepe wa rangi ambayo mkono na jicho haviwezi kukosea, na risasi za aina mbili zisikae meza moja, hasa usiku mkiwa mmechoka na mnapiga hadithi.

Mkiwa hapo, soma maandishi kwenye mtutu. Bunduki iliyoandikwa .223 na iliyoandikwa 5.56 zinafanana, lakini chemba zake si sawa. Ya 5.56 hula zote mbili, na ya .223 usiilishe 5.56 ya kijeshi kwa sababu shinikizo hupanda. Vaa vikinga masikio pia. Bunduki hizi zinatoa zaidi ya desibeli 150, na 140 zinatosha kuliumiza sikio kwa mlio mmoja. Darubini bora haitakurudishia masikio.

Ningekuwa wewe basi, ningeazima 5.56, mtutu mrefu kiasi, risasi za kuwindia za uzito niliotaja, nisivuke mita 100, na siku ya kwanza ningeimaliza kwenye kiwanja cha shabaha mchana. Binamu, kama shamba analowindia lina vilima vya kuzuia risasi na yeye amezoea uzito, ajinunulie .308 yake, hana kosa. Kuna watakaokutajia 6.5 Creedmoor. Ni ya mbali, na usiku wa nguruwe haina maana kwako. Wa 7.62 kwa 39, ile ya AK, nao wana hoja kwa umbali mfupi, ila huyo muuza duka hakukupa chaguo hilo, tusijiongezee.

Sasa kuhusu kuileta Kenya: sahau. Sizungumzii ugumu wa makaratasi, ingawa nayo yapo pande zote mbili za bahari. Bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe ziko upande wa zilizokatazwa kwa raia wa Kenya. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inaziweka silaha za aina ya AK-47, G3, MP5 na nyingine za mfano huo kwenye kifungo cha maisha kwa anayekamatwa nazo bila sababu halali, na mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo ni wake. Unadhani AR-10 yenye magazini ya risasi 20 itaonekanaje kwa ofisa wa forodha? Cheti chako cha bastola hakisaidii. Cheti kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na wewe unajua kinavyohuishwa kila mwaka. Hakikupi ruhusa ya jumla ya kumiliki unachotaka. Ukiwa na hamu ya bunduki ndefu kwa ajili ya shabaha, nenda Bodi ya Leseni za Silaha uombe .22 ya kukokota kwa mkono, wao ndio wataamua. Risasi yake ina gramu 2.6 na haifiki jouli 200, ila nayo huruka zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hivyo ile hadithi ya nyuma ya shabaha haibadiliki.

Na fisi? Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikufungua mlango huo. Fisi akila mbuzi wako, unapiga simu KWS, shirika la wanyamapori, unaacha mzoga na nyayo vionekane, unapiga picha, kisha unapeleka dai la fidia kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti. Fisi yumo kwenye orodha ya wanyama wanaofidiwa kwa mifugo. Malipo huchelewa, najua, nawe unajua. Lakini mbuzi tisa bila ripoti hata moja ni mbuzi tisa wa bure. Mdogo wako ameripoti wangapi?

Zizi la usiku ndilo linalohitaji hizo pesa. Laki mbili haziwezi kuzungushia shamba zima, ila waya wa cheni na nguzo za boma la kulala mbuzi utapata, na chenji ikabaki. Waya uzikwe chini, au uwekewe mawe mazito pembeni, kwa sababu fisi hachoki kuchimba. Mlango ndio hudharauliwa: watu wanatia waya mzuri halafu wanafunga na tawi la mwiba. Unamkumbuka yule kijana wa Kitengela, Richard Turere, aliyebuni taa za kumetameta kwa betri ya gari na kiwashio cha indiketa za pikipiki ili simba waogope kusogelea ng'ombe wa baba yake? Taa hizo ziongeze, lakini kwa fisi usizitegemee peke yake. Mbwa wawili wenye kelele pia si vibaya.

Nimekuja kwa mke wako, nami niko upande wake.

Umeandika sentensi ndefu kuhusu boliti na kabati, kisha katikati yake ukasema kijana wa kidato cha pili anaijua namba ya sefu. Umeipita kama mtu anayetaja rangi ya pazia. Mimi niliisoma mara mbili. Sefu yenye namba inayojulikana na mtoto wa miaka 15 au 16 ni kabati. Haijalishi ana adabu gani, na sina shaka anayo. Ana marafiki, ana siku mbaya shuleni, ana hasira za umri wake ambazo huenda hata huambiwi. Wewe kisheria ndiwe uliyepewa jukumu la kuitunza silaha isifikiwe na mwingine, na siku ikitumika vibaya utaulizwa wewe, kwenye meza ambayo nimewahi kukaa upande wa pili. Ghalani tulikuwa na utaratibu wa kuchosha: silaha haitoki bila sahihi, funguo haziazimwi, hata kwa mkubwa. Wapya waliona tunawasumbua.

Badilisha namba usiku huu kabla hujalala. Hati za shamba zitoe humo zikae mahali pake, ili pasiwe na sababu ya kumtuma mtu yeyote kwenye sefu ya silaha. Magazini zisikae na risasi ndani. Risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo mwingine. Kijana mwambie mwenyewe kwamba umebadilisha na kwa nini. Usimfiche kana kwamba amekosa, kwa sababu hakukosa.

Kwa mkeo, usianze na maneno ya kaliba wala usalama wa boliti. Anza na mkopo. Alijua kuhusu pesa za nyumba kupitia ujumbe wa simu, na hilo linaumiza pengine kuliko bunduki. Mwambie hutatuma, mweleze kwa nini, kisha mkae pamoja mwone pesa hizo zirudi Sacco au ziende kwenye zizi. Akisema zirudi, zirudi. Baada ya hapo muulize kitu ambacho kwenye barua yako sioni kama umewahi kumuuliza: ni lini hasa anaogopa? Usiku ukichelewa? Watoto wa jirani wakija kucheza? Jibu lake ndilo litakalokuambia sefu ihamie wapi, au kama bastola yenyewe ikae mahali pengine kabisa na si nyumbani.

Binamu mpigie leo, usimwandikie. Mwambie nauli na leseni ya kuwinda ni juu yako, bunduki ni juu yake.

Afande Mstaafu